Saa ya muuza samaki ni shilingi ngapi? Barua ya wazi kwa wanaopanga barabara zetu

Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia ujenzi, uchukuzi na TAMISEMI. Wakurugenzi wa mipango. Nanyi wahandisi washauri mnaoandika upembuzi yakinifu,

Shikamooni walio wakubwa kwangu. Wadogo zangu, habari za kazi.

Mimi nilikuwa mdodosaji. Kwa miaka kadhaa, kila ilipopatikana kazi ya kupembua barabara au njia ya mabasi hapa Dar es Salaam, tuliitwa kundi la vijana, tukapewa vizibao vya kung'aa, vibao vya kuandikia na mafungu ya madodoso, tukatawanywa vituoni kabla hakujapambazuka. Wenzangu walihesabu magari, vijiti vinne na cha tano cha kukatiza. Mimi nilihoji abiria. Unatoka wapi, unaelekea wapi, unakwenda kufanya nini, nauli umelipa kiasi gani. Halafu lilikuja swali la mwisho, ambalo nilikuwa nalisoma kama lilivyoandikwa kwa sababu tulikatazwa kubadili hata neno: "Ungekuwa tayari kuongeza shilingi ngapi ili ufike nusu saa mapema zaidi?"

Watu walikuwa wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Wengine waliuliza kama ninauza tiketi.

Nyinyi mnajua swali lile linakoishia. Majibu yanakusanywa, yanachambuliwa, na mwisho inatoka namba moja: thamani ya saa ya msafiri kwa shilingi. Namba hiyo inaingizwa kwenye HDM-4, programu ya kompyuta ya kupima gharama na faida za barabara, au kwenye jedwali la mshauri, inazidishwa kwa dakika zitakazookolewa na kwa idadi ya watu, na katika miradi mingi ya mijini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya faida inayoonyeshwa kwa wakopeshaji. Ikiwa njia ya juu imepata fedha na njia ya waenda kwa miguu imekosa, namba hiyo ilikuwemo kwenye mizani. Wanaolipa mkopo, yaani sisi, hatujawahi kuambiwa saa yetu iliandikwa bei gani.

Naandika kuomba mambo machache kuhusu namba hiyo. Lakini kwanza niwaeleze inavyopatikana, maana wengi wenu mnaiona ikiwa tayari imeshapikwa na kupakuliwa.

Asubuhi moja nilikuwa Feri, nje ya soko la samaki. Nikamkuta mama mmoja na ndoo mbili za vibua, anasubiri daladala ya kwenda Mbagala Rangi Tatu. Konda wa kwanza alimkataa kwa sababu ya maji ya ndoo, wa pili alitaka alipie siti mbili. Dodoso langu lilikuwa na visanduku viwili vya sababu ya safari: "kikazi" na "binafsi". Nikamuuliza, mama, safari hii ni ya kikazi? Akacheka. "Mwanangu, hapa uliponikuta ndiyo ofisini kwangu. Barafu inayeyuka huku tunaongea."

Nikaweka alama kwenye "kikazi". Jioni msimamizi wangu alipokagua fomu akanirudishia ile. Safari ya kikazi, akanieleza, ni ya mtu aliyetumwa na mwajiri ndani ya saa za kazi, kama dereva wa kampuni au ofisa anayekwenda kwenye mkutano. Mama huyu hana mwajiri. Weka binafsi. Nikafuta, nikaweka binafsi.

Sikujua wakati ule nimefuta nini. Nilikuja kujua baadaye, nilipopata nafasi ya kusaidia kuingiza takwimu na kuanza kusoma miongozo iliyokuwa ikizagaa mezani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilitoa mwongozo mfupi kuhusu thamani ya muda, na hadi leo wapembuzi wengi wa nchi zinazoendelea wanaanzia hapo wakikosa takwimu za kwao. Saa ya safari ya kikazi inathaminiwa kwa mshahara wa saa wa mfanyakazi na nyongeza ya theluthi moja hivi kwa gharama nyingine za mwajiri. Saa ya safari nyingine yoyote, ikiwemo kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, inathaminiwa kwa asilimia 30 ya kipato cha kaya kwa saa. Mtoto ni asilimia 15. Kwa hiyo kwa alama yangu moja ya kalamu saa ya yule mama ilishuka zaidi ya mara nne. Na wale vibua hawakuandikwa popote. Saruji iliyo kwenye lori ina mstari wake katika jedwali, inaitwa mzigo. Ndoo iliyo katikati ya magoti ya abiria wa daladala haina jina, ingawa saruji inaweza kulala njiani siku mbili ikabaki saruji.

Sisemi hesabu hii ni ya kijinga. Ina mantiki yake. Mtu akiwa kazini, saa anayopoteza njiani ni saa ambayo mwajiri analipa bila kupata kitu, kwa hiyo bei yake inajulikana. Akiwa katika muda wake mwenyewe hakuna anayemlipa, basi inabidi umtazame anavyochagua: akiacha basi la bei ndogo linalochelewa akapanda la bei kubwa linalowahi, ametuonyesha dakika zake ni za bei gani kwake. Waingereza ndio waliolianzisha hili kwa vitendo, kwenye barabara kuu ya M1 mwaka 1960, kisha kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi ya Victoria jijini London, ambayo uchambuzi wake wa mwaka 1963 ulionyesha kwamba faida kubwa ilikuwa muda wa watu, hata wa wale ambao hawangepanda treni yenyewe bali wangepungukiwa na msongamano kwingine. Njia hiyo ilijengwa. Mwaka 1965 mchumi Michael Beesley akachapisha uchunguzi wake juu ya watumishi wa Wizara ya Usafirishaji ya huko, jinsi walivyokuwa wakichagua usafiri wa kwenda ofisini, akapata kwamba saa yao ya njiani ilikuwa kama theluthi hadi nusu ya mshahara wao wa saa.

Huwa nawafikiria sana wale makarani wa London. Wana mshahara wa mwezi, wana basi na treni za kuchagua, zote zina ratiba na zote zina nafasi. Ukimtazama mtu wa namna hiyo anavyochagua, kweli utajua kitu. Sasa njoo naye Tandika.

Tandika nilihoji kijana mmoja aliyekuwa anatembea kwenda Posta, katikati ya jiji, kubeba mizigo. Alisema anatumia saa moja na nusu. Daladala ingemgharimu, tuseme kwa nauli ya sasa, shilingi 600. Ukifuata kanuni, kijana huyu amechagua kupoteza muda ambao daladala ingemwokolea ili kubaki na shilingi 600, kwa hiyo saa yake inaonekana ya bei ndogo sana. Kwenye swali la mwisho alijibu neno moja: "Sina." Mwongozo wetu ulisema jibu la namna hiyo liandikwe sifuri. Sifuri ikaingia kwenye wastani pamoja na sifuri nyingine, wastani ukashuka, na kwenye ripoti ikatoka sentensi safi kabisa kwamba wakazi wa maeneo yale wana utayari mdogo wa kulipia muda.

Hakuwa na utayari mdogo. Hakuwa na shilingi 600. Akichelewa, mizigo ya alfajiri inabebwa na wengine na siku yake imekwisha saa mbili asubuhi. Kwangu, katika wote niliowahoji wiki ile, yeye ndiye aliyekuwa na saa ya gharama kuliko wote.

Niweke namba mezani ili tusibishane hewani. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu saa 45 kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni 195 hivi. Gawanya, unapata kama shilingi 2,560 kwa saa. Asilimia 30 yake, tukichukulia mshahara huo ndio kipato chote cha kaya, ni shilingi 770, pungufu kidogo. Hiyo ndiyo saa ya mhudumu wa ofisi akiwa amesimama kwenye daladala. Sasa mchukue mwenye kipato cha shilingi milioni 3, yumo ndani ya gari lake lenye kiyoyozi, foleni ileile. Saa yake inatoka kama shilingi 4,600. Dakika zake 10 ni sawa na saa nzima ya mwenzake.

Halafu chukua miradi miwili. Namba hizi ni zangu, za mfano tu. Mmoja ni njia ya juu kwenye makutano, itaokoa dakika 10 kwa watu 3,000 kila siku walio kwenye magari binafsi. Wa pili ni kutenga mstari wa mabasi utakaookoa dakika 10 kwa abiria 12,000 wa daladala. Wa kwanza unaokoa saa 500, wa pili saa 2,000. Mtoto wa darasa la nne atakuambia upi ni bora. Lakini zidisha kwa thamani ya muda ya kila kundi: njia ya juu inaleta shilingi milioni 2.3 kwa siku, mstari wa mabasi milioni 1.5. Njia ya juu imeshinda kwa robo ya watu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyepokea bahasha, hesabu imejumlishwa sawasawa na mkaguzi akija ataipitisha.

Tumia thamani moja kwa wote, tuseme shilingi 1,500, na mambo yanageuka: 750,000 dhidi ya milioni 3. Uingereza, kule kule hesabu ilikozaliwa, kwa safari zisizo za kikazi wamekuwa wakitumia wastani wa kitaifa bila kujali barabara inapita mtaa wa matajiri au wa makabwela, kwa sababu waliona mapema kwamba bila hivyo fedha za umma zitakuwa zinafuata magari ya wenye nazo. Sisi tuliochukua kanuni kutoka kwao tulisahau kuchukua na hicho.

Mchumi mmoja kijana, niliyekuwa nikimwingizia takwimu, aliwahi kunibishia. Alisema ukimthamini maskini kwa bei ya juu kuliko anayoweza kulipa mwenyewe, utamjengea kitu ambacho angeulizwa angesema bora mnipe pesa yangu mkononi. Hoja nzuri. Ningeikubali siku hiyo pesa ya mkononi itakapoletwa. Mpaka sasa chaguo lililo mbele ya mtu wa Mbagala ni njia ya juu ya mwenzake au mstari wake wa basi.

Nije kwenye kungoja, maana hapo ndipo Dar inapokaa.

Mwongozo ule wa 1997 unasema dakika ya kungoja au kutembea ihesabiwe kama dakika moja na nusu ya ndani ya gari, kama huna kipimo chako mwenyewe. Wahenga walishapima zamani, ngoja ngoja huumiza matumbo, hawakuweka tu asilimia. Lakini katika madodoso niliyoshika, muda wa kungoja ulikuwa ni nafasi ya kujaza dakika, na tulikuwa tunawahoji watu wakiwa bado kituoni wanangoja. Mtu hajui atangoja mpaka saa ngapi. Anakuambia "kama robo saa", unaandika 15, unaendelea na wengine, unarudi baada ya dakika 40 unamkuta palepale amekasirika. Hakuna aliyetuambia turudi kusahihisha.

Kuna na kugeuza. Kwa ambao hamjapanda daladala siku nyingi: jioni, abiria anayekwenda Mbagala akijua kituoni hatapata nafasi, anapanda gari likiwa bado linaelekea mjini, analipa nauli, anazunguka nalo hadi mwisho wa ruti na kugeuka nalo ili awe tayari amekaa wengine wanapogombania mlango. Analipa mara mbili na anaongeza nusu saa ya safari kwa hiari yake. Mtu huyu, kwa kanuni zenu, ameonyesha thamani ya siti na ya uhakika wa kufika nyumbani kwa namna ambayo hakuna dodoso lingeipata. Unajua sisi tulimwandikaje? Anatoka Kariakoo, anakwenda Posta. Safari binafsi. Halafu ripoti ikashangaa kwamba wapo watu wengi sana wanaoelekea katikati ya jiji saa kumi na mbili jioni. Nilicheka niliposoma, lakini kuna mtu anaweza kupanga mabasi kwa kufuata jedwali lile.

Ndiyo maana hata mradi mzuri unaweza kuonekana umefaulu kwenye karatasi huku abiria haoni. Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia zao wenyewe, awamu ya kwanza, kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, ulianza kubeba watu Mei 2016, na hakuna mkazi wa Kimara wa kweli atakayewaambia turudi tulikotoka. Ndani ya basi safari ilifupika sana. Lakini mabasi yakipungua kuliko watu, muda uliookolewa barabarani unahamia kituoni, na huko ni muda wa kusimama na kusukumana. Ukipima kasi ya basi utapongeza. Ukimpima abiria tangu alipogusa lango la kituo, utapata namba nyingine kabisa, na kwa kanuni yenyewe kila dakika yake pale inapaswa kuzidishwa kwa moja na nusu.

Wanafunzi sitawaongelea sana, mnawaona wenyewe. Nauli yao shilingi 200, kwa hiyo konda anawaacha mpaka gari la nne, la tano. Kanuni inahesabu saa ya mtoto kuwa nusu ya saa ya mtu mzima, na kituoni ndiye anayengoja mara mbili ya mtu mzima.

Kuna jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye fomu, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote: kutokujua. Nilimhoji dada mmoja anayefanya usafi kwenye ofisi za Posta, mkazi wa Chanika. Lazima awe getini saa kumi na mbili kamili asubuhi, akichelewa mara tatu anaondolewa. Anatoka nyumbani saa tisa na dakika 45 usiku. Nikamuuliza safari inachukua muda gani, akasema siku nzuri kama saa moja. Nikaandika dakika 60. Lakini siku nzuri anafika saa kumi na moja kasorobo, anakaa kwenye ngazi za jengo lililofungwa, pochi kaikumbatia, anangoja saa nzima na robo mpaka mlinzi afungue. Siku mbaya, gari likiharibika au konda akikatisha ruti Buguruni, anafika saa kumi na mbili kasoro dakika tano akihema. Saa ile ya kwenye ngazi ni gharama ya usafiri. Ameinunua kwa usingizi wake, kila siku, kama bima. Nchi nyingine wanapima jinsi muda wa safari unavyoyumba siku hadi siku na kuutia bei. Sisi tunachukua wastani, dakika 60, tunaandika kwamba usafiri wa Chanika si mbaya.

Nimekuwa nikiongea ya mjini kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi. Lakini kosa la vijijini ni kubwa zaidi, na la ajabu ni kwamba tulishawahi kulijua. Miaka ya 1980, wilayani Makete, wakati huo ikiwa mkoa wa Iringa, palifanyika uchunguzi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani wa namna kaya zinavyotumia muda wao kusafiri. Ikaonekana sehemu kubwa ya safari haiko kwenye barabara ya magari wala haina gari. Ni maji, kuni, shamba, mashine ya kusaga, kwa miguu, mzigo kichwani, na aliyebeba ni mwanamke. Mradi uliofuata ulishughulika na njia za miguu na hata punda. Kazi ile inatajwa duniani kote na wataalamu wa usafiri wa vijijini. Lakini fungua upembuzi wa barabara ya wilaya leo: faida inatoka kwa magari, magari yakiwa machache faida ni ndogo, faida ikiwa ndogo barabara inangoja. Saa za mama aliyebeba ndoo kichwani hazikuingia kwa sababu hakuna aliyezihesabu, na hata angezihesabu, angetafuta mshahara wake wa saa akakosa. Mara nyingine kumsogezea bomba kungeokoa saa nyingi kuliko kumwekea lami, lakini bomba liko wizara nyingine.

Najua mnaweza, kwa sababu mmefanya. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Aliyewahi kuwa na mgonjwa ndani ya gari kwenye foleni ya kivuko upande wa Busisi, anaiona taa ya ng'ambo lakini hawezi kuifikia, hahitaji kuelezwa thamani ya muda. Pale kila aliye kwenye basi na kila aliye kwenye V8 wanavuka kwa dakika zilezile. Nairobi walikwenda njia nyingine: barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, ambapo dakika zinanunuliwa langoni. Mwenye pesa yuko juu, matatu nyingi ziko chini yake, ileile foleni. Nasi tunazungumza habari za barabara ya kulipia ya Kibaha kuelekea Chalinze na Morogoro. Sipingi. Ila mwekezaji atakapoleta makadirio yake ya watu wako tayari kulipa kiasi gani, kumbukeni kwamba amewauliza wenye magari, na kwamba makadirio yake ni ya biashara yake. Yasije yakageuka kuwa ndiyo bei ya muda wa taifa.

Ombi langu la kwanza ni dogo kiasi kwamba naona haya kuliomba: chapisheni namba. Kila upembuzi yakinifu unaotumia fedha za umma utaje ukurasa wa mbele saa ya msafiri imethaminiwa shilingi ngapi, ya nani, imetoka wapi, na mradi ungeonekanaje kama namba hiyo ingekuwa moja kwa wote. Zikiwa wazi, wabunge watauliza wenyewe, hamtahitaji mimi.

La pili ni hilo la thamani moja kwa safari zote zisizo na mwajiri, iwekwe na Serikali na kupitiwa kila mishahara inapobadilika, asiichague mshauri wa kila mradi kwa kadiri ya mtaa. Na wanaojiajiri, muuza samaki, mama ntilie, fundi mwenye sanduku lake, wawekewe kisanduku chao. Wengi wa abiria wa alfajiri ni hao. Kuwaandika "binafsi" ni sawa na kuandika kwamba wanakwenda matembezi.

Mengine ni ya fomu yenyewe, na haya nayasema kama mtu wa fomu. Wahesabuni watu, si magari tu. Kijiti kimoja cha daladala iliyosheheni hakiwezi kuwa sawa na kijiti cha gari lenye mtu mmoja. Anayesema "sina" asiandikwe sifuri, awe na nafasi yake ya "hana uwezo", na asiingizwe kwenye wastani. Wadodosaji wapewe muda wa kumfuata abiria, wapande naye, washuke naye, waunganishe naye gari la pili, hata kama watamaliza watu 20 kwa siku badala ya 80. Tulikuwa tunalipwa kwa idadi ya fomu. Mkimlipa mtu kwa idadi ya fomu atawahoji waliokaa, na waliokaa si wale wanaogombania mlango.

Na lile swali la mwisho, la ungeongeza shilingi ngapi, libaki kama wataalamu wanalihitaji. Ila kabla yake wekeni mawili: uliondoka nyumbani saa ngapi, na ulitakiwa ufike saa ngapi? Yanajibiwa kwa sekunde kumi, hata na mtu anayekimbilia gari. Niliyajaribu kwa hiari yangu, kwa penseli pembeni ya fomu, siku mbili za mwisho za kazi yangu ya mwisho. Msimamizi alisema hayana safu kwenye kompyuta. Karatasi zile ninazo bado, watu 143, na atakayezitaka nitampa.

Wenu,

Mdodosaji wa zamani
Mbagala, Dar es Salaam